Kufuga ndege mchanganyiko banda moja: ugomvi wote uko kwenye kiota

Watu wakija kwangu wakaliona banda swali lao la kwanza ni lile lile, hawa hawauani kweli? Na wengi wanadhani ndege wanagombana kwa sababu ya chakula, kwamba ukiwamwagia mtama wa kutosha basi watakaa kwa amani. Mie nakwambia chakula hata kikipungua watanuniana kidogo, watafukuzana, alafu yanaisha. Ila tundika kiota kimoja kizuri juu kabisa karibu na paa, kimoja tu, alafu kaa kwenye kigoda chako uangalie. Hapo ndo utamjua nani ni nani. Nimeona ndege waliokuwa wanalala kijiti kimoja bega kwa bega wiki nenda wiki rudi wakageuka maadui ndani ya siku moja kisa kiota, na ukikitoa jioni wanarudi kulala pamoja hakuna aliyemkosea mwenzie.

Niko Sahare hapa Tanga, karibu na bahari, na banda langu lina aina nne. Kuna baji, wale kasuku wadogo wa kijani na bluu na njano ambao wengi mnawajua kutoka kwenye vizimba vya sokoni. Kuna finchi, kadogo kabisa, mdomo mwekundu, dume lina mashavu rangi ya chungwa na mistari kifuani, kelele zake utadhani mtoto kakanyaga mdoli wa kulia. Kuna njiwa daimondi, kanjiwa ka kijivu kenye madoa meupe kwenye mbawa na duara jekundu jichoni, hakajazi hata kiganja. Na chini kuna kware. Lavubadi, kasuku wengine wadogo, ninao pia lakini wako banda lao peke yao na watabaki huko huko, nitafika.

Sasa kuna jambo muuzaji hakwambii, labda na yeye hajui. Hao watatu wa juu, baji, finchi na daimondi, kwao ni kumoja, Australia, tena ile bara kavu ya ndani huko ambako mvua inanyesha ikijisikia. Kule wanahama kwa makundi wakifuata maji, ikinyesha tu nyasi zikatoa mbegu basi wanazaa fasta fasta kabla pajakauka. Ndo maana kukaa wengi na kunywa kidimbwi kimoja hakuwashindi, wamezoea. Lakini mchukue ndege wa namna hiyo umlete Tanga, hewa yenyewe mbichi mwaka mzima, masika kuanzia Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Disemba, majani hayakauki, chakula kipo asubuhi mpaka jioni, mwili wake unamwambia msimu ndo huu, zaa. Anazaa, anazaa, anazaa, jike linabaki mifupa. Kwa hiyo wa kufunga msimu ni wewe mfugaji, yeye hafungi. Mie wakishatoa makinda mara mbili, ikizidi sana mara tatu, natoa viota vyote, vyote kabisa, hata kama kuna jike linaniangalia kwa jicho baya. Wanakaa miezi kadhaa bila kiota na hapo ndo banda linakuwa zuri kuliangalia, manyoya yanarudi, kelele inapungua, na ule ushari wote unayeyuka.

Banda lenyewe nilijengewa na fundi wa hapa hapa mtaani. Aliponiletea waya wa kuku wenye matundu makubwa nikamwambia kaka hapa nyoka anapita, panya anapita, na finchi mwenyewe atatoka aende zake. Akacheka, akaniambia dada kwani unafuga ndege au unafuga sisimizi. Tukaenda kutafuta ule wa matundu ya nusu inchi, bei yake nikashika kichwa, lakini ndo huo huo. Na waya mpya ule wenye mng'ao umepakwa zinki, baji ana tabia ya kuguguna kila kitu na ile zinki ni sumu kwake, inamlegeza taratibu mpaka anakufa na wewe unasema ugonjwa tu. Tuliusugua wote na siki na brashi, tukausuuza, ukakaa nje ukapigwa jua na mvua ndo tukaufunga. Fundi alisema hajawahi kuoshea mtu ukuta wa waya tangu azaliwe.

Upande wa kusini na mashariki nimeziba kabisa, kwa sababu kusi likianza kuvuma huku pwani linakuja na mvua ya ubavu na kinda lililolowa usiku halifiki asubuhi. Paa nusu bati nusu makuti, kwenye makuti ndo kwenye vivuli vya Januari na Februari ambapo joto la hapa linajulikana. Mlango ni miwili, unaingia kwenye kijichumba kwanza unafunga nyuma yako ndo unafungua wa pili. Ukijenga mlango mmoja siku moja tu mtoto atakuja mbio na mpira wake na baji wako utawaona kwenye mwembe wa jirani, na wakishafika huko hawarudi, kunguru wanawamaliza. Chumvi ya bahari nayo inakula waya, kila mwaka kuna pahali pa kubandika kiraka, hilo ulihesabu kwenye bajeti mapema.

Turudi kwenye viota maana ndo moyo wa habari yenyewe.

Kulikuwa na jozi ya finchi imejenga kwenye kifuu cha nazi nilichokitundika kwenye kona ya juu, kifuu kizima nimekitoboa tundu la pembeni. Wamejaza nyasi vizuri, wametaga. Upande wa pili kuna jike la baji lina chungu chake, chungu kikubwa kizuri, lina dume lake, halina shida yoyote duniani. Lakini kile kifuu kilikuwa juu ya chungu chake kidogo, tena kidogo tu, shibiri moja. Basi bwana, asubuhi moja nikaliona limeng'ang'ania mdomoni mwa kifuu kichwa kiko ndani. Halienei. Linajua halienei. Likatoa kichwa likaanza kuvuta nyasi, unyasi mmoja mmoja, linaukamata kwa mdomo linageuza shingo linauachia udondoke chini, linarudi kuchukua mwingine, huku dume la finchi linapiga kelele linarukaruka pembeni na halina la kufanya, mdomo wa baji unakata kidole cha mtu sembuse mguu wa finchi. Na kule chini jike la kware limesogea, likakaa kwenye zile nyasi zinazodondoka, likajifanyia godoro. Mayai yalifuata baada ya nyasi kuisha.

Tabia hii haikuwa ya jike lile tu, nimeiona kwa mengine mpaka nikaelewa. Kwa ndege, juu ni mali. Aliyelala juu hashambuliwi kirahisi, anaona mbali, na wengi wao wakiona kuna tundu lililo juu ya la kwao watalitaka hata kama hawaliwezi. Basi nikapanga upya banda zima kama nyumba ya wapangaji. Juu kabisa ni baji tu, na vyungu vyao vyote viko usawa mmoja, nimepima kwa kamba, hakuna kilichozidi kingine hata inchi moja, na vinafanana, maana ukiweka kimoja kikubwa na vingine vidogo umetengeneza ugomvi kwa mkono wako. Na vyungu vinakuwa vingi kuliko jozi, mie naweka karibu mara mbili, majike yakague yachague yachoke. Finchi nimewashusha katikati nyuma ya matawi ya mvinje, hawaonekani, na nikwambie finchi hajali kukaa chini alimradi kuna kichaka mbele yake. Daimondi wao ni vikapu vidogo vya ukindu vilivyo wazi upande wao. Kware sakafuni. Tangu hapo kelele zipo, ndege ni kelele, lakini mayai kutupwa chini imekuwa nadra.

Na kitu kingine, jike la baji lisilo na dume ndo fitina kubwa kuliko zote. Linaingia kwenye vyungu vya wenzie, linatoboa mayai, linauma makinda. Madume yakizidi hakuna shida sana, yanaimbiana tu yanalishana midomoni basi. Majike yakizidi toa. Kumjua jike na dume ni rahisi kwa rangi nyingi za kawaida, angalia ile ngozi juu ya mdomo penye matundu ya pua, dume mkubwa ni bluu, jike likitaka kutaga inakuwa ya kahawia na inakwaruza kidogo.

Baji anataga mayai manne mpaka sita hivi, siku moja anataga siku moja anapumzika, na anaanza kulalia mapema, kwa hiyo hayaanguliwi pamoja. Kila moja linachukua kama siku 18. Utakuta kinda mkubwa ana manyoya yameanza na mdogo wake ni kinyama chekundu kipo chini yake kinakanyagwa. Ndo maana nawapenda waanze jozi kadhaa kwa wakati mmoja, kinda aliyezidiwa namhamishia kwenye chungu chenye makinda wa umri wake na mama wa kambo analisha tu bila kuuliza. Wanatoka kiotani wakiwa na kama wiki tano. Chungu ninakipendea chini yake pa mviringo mayai hayatawanyiki, na udongo hauchemki mchana kama boksi la mbao. Naweka maranda kiasi, nyasi baji hana habari nazo.

Finchi yeye ni mambo mengine, anaangua ndani ya wiki mbili na makinda yanatoka yakiwa na wiki tatu tu, ila dume la finchi hajui kuacha kujenga. Jike linalalia mayai yeye anaendelea kuleta nyasi anazipanga juu ya mayai, jike linataga tena juu yake, mwisho unakuta ghorofa, mayai ya chini yamekufa kwa baridi. Dawa ni ndogo, wakishaanza kulalia fagia banda usiache unyasi wowote wa kubeba. Na hapo hapo uangalie wasiende kunyofoa vikapu vya daimondi, wana wizi huo.

Kuhusu vitu vya kujengea. Sisi Tanga katani tumezaliwa nayo, ipo kila kona, na mtu anaweza kuona nyuzi zile nyeupe akasema hizi ndo zenyewe. Ni nzuri lakini ukate, ukate fupi isizidi urefu wa kidole. Niliwahi kumshika kinda wa finchi aliyekuwa haondoki kiotani wenzie wote wameshatoka, namgeuza nakuta uzi mmoja wa katani umezunguka juu ya kifundo cha mguu, umezunguka alafu umekaza kadiri mguu ulivyokuwa unanenepa, chini ya pale mguu umekuwa mweusi. Nikaukata kwa wembe huku binti yangu ameshika tochi ya simu, mkono unatetemeka maana mguu wenyewe ni mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Alipona, vidole viwili vikakatika vyenyewe baadaye, na anaruka mpaka leo. Makumbi ya nazi naona ni salama zaidi, nyuzi zake ngumu hazijifungi, ukichanganya na ukoka mkavu hawana neno. Sufi na pamba za mashuka siwapi kabisa.

Kware wengi walianza kuwajua kipindi kile cha homa ya mayai ya kware, 2013, 2014 hivi, watu wakaambiwa yanatibu kila kitu, bei ikapanda ikashuka, wakaachiwa kware majumbani hawajui wawafanyie nini. Wa kwangu mie ni wafagiaji, kila mbegu inayomwagika kutoka juu wanaiokota, kwa hiyo sina mtama unaoota wala unaooza sakafuni. Lakini wana vituko vyao. Kware akishtuka harukii pembeni, anaruka wima moja kwa moja juu, na banda likiwa refu anapata kasi anagonga bati shingo inavunjika. Usiku paka akitembea juu ya bati tu balaa. Nimewatengenezea kona yao yenye kipaa cha chini cha makuti, wanalala humo, wakiruka wanagonga makuti hakuna anayeumia. Madume usiyaweke mengi, dume moja kwa majike matatu manne, la sivyo majike yanakuwa na vipara kichwani. Na hawa wa kufugwa kulalia mayai karibu wameshasahau, ukitaka vifaranga tumia mashine, siku 17, 18 wametoka, na jike linaanza kutaga lina wiki sita saba tu.

Shida ya kweli ya kware ni pale makinda ya daimondi yanapotoka. Daimondi anataga mawili tu, yanaanguliwa siku ya 13 hivi, na yanatoka kiotani kabla ya wiki mbili hazijapinduka vizuri, hayajui kuruka, yanatua sakafuni na kukaa hapo yameduwaa. Kware anayadonoa. Kwa hiyo nimefunika matenga madogo sakafuni nimeyakata vimlango ambavyo kinda anapita kware hapiti, na baba yao anawafuata humo humo anawalisha. Maji ya kware nayo yako chini ya kibati, maana ukiyaweka wazi chini ya kijiti cha baji unawapa supu ya kinyesi, alafu unashangaa wanaharisha.

Haya, lavubadi. Uzuri wake hanipingi mtu, lakini kumweka na wengine sikubali hata unilipe. Kijana mmoja wa Makorora aliwahi kuniletea finchi wake niwaangalie, miguu imekatwa vidole, wengine kidole kimoja wengine vitatu, anadhani panya. Nikamuuliza una lavubadi humo ndani? Anao wawili. Wanakaa kijiti cha juu, finchi akitua kwenye waya lavubadi anasogea polepole kabisa anauma kidole. Hakuna kelele hata. Ni mwenye nyumba ile, hapendi wageni.

Na kinachonichekesha ni kwamba katika ndege wote wa juu nilionao, lavubadi ndo Mtanzania. Yule mwenye kichwa cha rangi ya chungwa kwao ni huko kusini mwa Ziwa Viktoria na Serengeti, na yule mwenye kichwa cheusi na ukosi wa njano yuko kuanzia huko Arusha kuja Dodoma mpaka Iringa. Miaka ya 80 walikamatwa maelfu kwa maelfu wakasafirishwa Ulaya na Marekani, na leo wazungu wanawazalisha kwao wa rangi zote. Ukiwachanganya aina hizo mbili hawagombani sana, wanaoana, ndo tatizo lenyewe, unapata chotara asiye huyu wala yule. Kule Naivasha Kenya walioachiwa wameshachanganyika porini mpaka hujui nani nani. Kwa hiyo hata wao kwa wao nimewatenga. Na dume na jike wanafanana kabisa, unaweza kukaa na jozi inapendana inalishana inajenga, mayai yanajaa nane, kumi, yote maji, kumbe majike mawili.

Mjomba wangu wa Pangani alinijia na wazo lake, akaniambia mwanangu unapoteza hela kununua ndege, chiriku wamejaa shambani kwangu, nakutegea kwa ulimbo nakuletea kikapu kizima, tetere pia. Nikamwambia mjomba shikamoo lakini hapana. Ndege wa porini ni wa serikali, kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kukamata na kufuga kunataka kibali, na toka 2016 walipofunga kusafirisha wanyama hai nje ya nchi watu wanaangalia sana mambo haya. Na hata sheria ikae pembeni, chiriku wa ulimbo anakuja na manyoya yamegandana na roho mkononi, hali, anajibamiza kwenye waya mpaka damu, nusu wanakufa wiki ya kwanza na waliobaki wamewaachia wenzao magonjwa. Hununui ndege, unanunua msiba. Mjomba alikasirika kidogo, akaja kupoa nilipompa trei ya mayai ya kware aende nayo.

Chakula sitakaa sana, kila mtu ana yake. Mtama mweupe, uwele na ulezi ndo msingi, nanunua Mgandini, mzigo mwingi unatoka Dodoma na Singida. Alizeti kidogo tu, inanenepesha na baji mnene hatagi vizuri. La kuangalia kwa mji huu ni unyevu. Gunia likikaa ndani wiki kadhaa masika linashika harufu, na ukishasikia harufu ya kuvu usijidanganye kwamba utaanika tu jua litaua, sumukuvu haiondoki kwa jua, inakula ini la ndege. Nanunua kidogo kidogo, naanika kwenye mkeka siku niliyonunua, natia kwenye ndoo yenye mfuniko. Chakula nakiweka sehemu tofauti tofauti, kule juu, katikati, na chini, mnyonge asilazimike kupita mbele ya mbabe. Mchicha na mlonge kila siku, yai la kuchemsha limepondwa na ganda lake wakati wa makinda. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua ni sikukuu, finchi wanachanganyikiwa. Parachichi marufuku hata ganda, linaua ndege. Na chokaa ya mayai sinunui, kusi likishavuma naenda ufukweni asubuhi na watoto tunaokota ile mifupa myeupe ya dome, jamaa yake ngisi, naloweka kwenye maji baridi siku kadhaa kutoa chumvi, nakausha natundika. Huko mjini Dar inauzwa kwenye pakti watu wanalipa.

Maadui wa nje wako wengi. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja miaka ya 1890 kuja kula taka, mpaka leo wanakula taka na vifaranga vyetu, wao hawaingii ila wanavuta mguu wa ndege aliyelala kwenye waya. Kwa hiyo vijiti vya kulalia viwe katikati, mbali na ukuta. Siafu ndo wa kuogopa zaidi kuliko nyoka, wanakuja usiku kipindi cha mvua na asubuhi unakuta kiota kina mifupa. Jivu kuzunguka banda, na miguu ya stendi za viota imesimama kwenye makopo ya oili chafu. Utitiri nao unakaa kwenye nyufa mchana unatoka usiku kunyonya, makinda yanapauka, nikishatoa viota vyungu naviunguza kwa moto wa makuti ndo virudi stoo, vifuu nachoma kabisa, nazi hazijaisha Tanga. Mbu wanaleta ndui, wakati wa mvua nashusha chandarua upande wa mitaro. Na kuku wangu wa uani wanapata tone la jichoni la kideri, ile chanjo ya I-2 inayotengenezwa Kibaha, kila baada ya miezi minne, maana mdondo, ndo huo huo kideri, ukiingia uani huwezi kuuzuia mlangoni mwa banda.

Ndege mgeni haingii moja kwa moja hata akitoka kwa nani. Anakaa kizimba cha uani kule mwisho kama mwezi, nikianza kulisha nalisha wa bandani kwanza alafu yeye, mikono naosha. Watu wanaona najidai. Na siku ya kumwingiza namwingiza na wengine kwa pamoja, tena baada ya kuhamisha vijiti na matawi yote, kila mtu aone nyumba ngeni, wakishughulika kutafuta pahala pao hawana muda wa kumwonea mgeni.

Sasa hivi binti yangu anataka kokateli, yule kasuku mwenye kishungi na mashavu ya rangi ya chungwa, ameona kwa rafiki yake Raskazone. Kwa tabia sina wasiwasi naye, mkubwa lakini mpole, finchi wanamkalia karibu kabisa hana neno. Usiku ndo tatizo lake, gizani akisikia kitu kidogo tu anapaniki anajirusha huku na huku, na akianza yeye banda zima linaamka, kware wanapiga makuti, majike yanatoka kwenye mayai hayaoni njia ya kurudi. Nimemwambia mwanangu subiri, fundi anakuja kuongeza upande wa pili baada ya mvua, tutaweka na taa ndogo ya sola iwake usiku kucha, alafu jozi moja tu tuione. Anauliza kama chungu chao kitakuwa juu ya baji au chini. Kokateli anataka boksi kubwa la mbao, litakaa huko huko upande mpya, baji wasilione kabisa.